Antivirusi ya kukaa na antivirusi ya kuitwa

Flashi ikiingia Mtwara mjini asubuhi ikitokea Nanyamba, hadi jioni imeshachomekwa kwenye kompyuta nne. Steshenari ya kwanza wino umekwisha, ya pili inachapa kurasa mbili, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anaitaka orodha ya wanachama, na jioni mwanafunzi wa chuo anaomba anakili notisi. Kila kompyuta iliyoguswa ina antivirusi, na kila antivirusi imeandika kwamba hali ni shwari. Hata hivyo folda zote ndani ya flashi zimeota kamshale pembeni, na orodha ya wanachama haifunguki.

Swali linalofuata huwa moja: niongeze antivirusi ya pili? Ongeza, ila isiwe ya kukaa. Ya kukaa iwe moja tu. Ya pili iwe ya kuitwa: inakuja, inakagua, inatoa taarifa, inaondoka.

Antivirusi ya kukaa hujipachika katikati ya Windows na diski. Faili likitaka kufunguliwa, kunakiliwa au kuendeshwa, draiva yake (kiprogramu chake kilichojipachika ndani ya Windows) hulisimamisha kwanza, hulitazama, ndipo hulipisha. Ukiweka mbili za aina hiyo, faili lile lile linasimamishwa mara mbili. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4 na hadidiski ya kuzunguka, ambazo ndizo nyingi kwenye steshenari zetu, utaona Word inachukua dakika nzima kufunguka na taa ya diski haizimiki. Ubaya mkubwa zaidi unatokea siku virusi vinapoingia kweli. Moja inalikamata faili bovu na kulifunga ili ilipeleke karantini, kifungo chake cha mafaili mabovu, na sekunde hiyo hiyo ya pili nayo inalitaka. Zote mbili zinajibiwa kwamba faili linatumika, kila moja inaandika kwamba imeshindwa, na kirusi kinabaki palepale. Kuna wakati moja huona alama za kutambulia virusi ambazo mwenzake amezifungua kwenye memori, ikadhani zenyewe ndizo ugonjwa.

Windows 10 na 11 zinalijua jambo hili kwa upande wa Microsoft Defender. Ukisakinisha antivirusi nyingine inayojisajili kwenye Windows Security, Defender hujiweka kando yenyewe. Lakini ukisakinisha mbili za makampuni mengine, Windows haitakuzuia. Hapo lazima uchague moja uiondoe, na uiondoe kwa programu maalumu ya kuiondolea inayotolewa na kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu uondoaji wa kawaida mara nyingi huacha draiva nyuma, na draiva ndiyo yenye ugomvi.

Ya kuitwa haina draiva inayosimama mlangoni muda wote. Unaifungua unapoitaka, inapitia memori, programu zinazoanza na Windows na diski, kisha unaifunga. Kwa hiyo inaweza kuishi na ile ya kukaa bila vita, mradi ujue mambo machache.

La kwanza ni lile linalosahaulika kuliko yote: ya pili iwe na injini, yaani sehemu inayotambua virusi, tofauti na ya kwanza. Korosho hupimwa AMCOS na kupimwa tena ikifika ghala kuu, na faida ya mizani ya pili ipo kwa sababu si ile ya kwanza. Mizani mbili zilizoharibika kwa namna moja zitakubaliana, na mkulima ataumia mara mbili. Kwenye antivirusi ni vivyo hivyo. Microsoft Safety Scanner ni zana nzuri ya kuitwa, lakini inatumia alama zile zile za Defender. Kama Defender ndiyo mlinzi wako, umeuliza mtu yule yule swali lile lile. Avast na AVG zina injini moja, kwa kuwa Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Emsisoft hutumia injini ya Bitdefender pamoja na yake yenyewe, kwa hiyo mwenye Bitdefender hapati macho mapya mengi kwa Emsisoft. Mwenye Kaspersky asiite Kaspersky Virus Removal Tool akadhani amepata shahidi mwingine.

Kwa mtu ambaye Defender ndiyo ya kukaa, na hao ndio wengi, jozi ninayoiamini ni Emsisoft Emergency Kit au Kaspersky Virus Removal Tool kwa ukaguzi mzito, na AdwCleaner kwa takataka za brauza: matangazo yanayojifungua yenyewe, ukurasa wa kwanza uliobadilishwa, viongezi usivyovijua. ESET Online Scanner nayo ni kali, ila inashusha sehemu kubwa ya kazi yake kutoka intaneti baada ya kuifungua. Mahali penye intaneti ya kusuasua, tuseme Liwale au vijiji vya Newala, itakukera.

Kwa mtu ambaye antivirusi yake ya kukaa si Defender, mkaguzi wa pili tayari yumo ndani ya kompyuta na hagharimu hata MB moja ya kumshusha. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", shuka hadi "Microsoft Defender Antivirus options", kisha washa "Periodic scanning". Kuanzia hapo Defender itakuwa inakagua mara moja moja bila kugombania mlango na ile kuu. Chaguo hili limekuwepo tangu 2016, na bado nawaona watu wanatumia bando kushusha mkaguzi wa pili huku huyu amelala kwenye mashine yao.

Malwarebytes inahitaji tahadhari yake. Ukisakinisha ile ya bure, inakupa kwanza siku 14 za toleo la kulipia, na katika siku hizo inageuka ya kukaa. Zima hilo jaribio mapema kwenye akaunti ndani ya programu. Kisha ingia kwenye mipangilio yake uzime chaguo la kuisajili kwenye Windows Security Center, la sivyo Defender itajiweka kando, na baada ya siku 14 unaweza kujikuta huna mlinzi wa uhakika mlangoni. Jambo jingine: haikuundwa kutibu virusi vinavyojishikiza ndani ya mafaili ya programu, kama Sality na Ramnit. Ukishuku hivyo, ita nyingine.

Soma pia masharti ya matumizi. Kadhaa kati ya zana hizi ni bure kwa matumizi binafsi tu. Steshenari, AMCOS au ofisi inapaswa kununua leseni au kuchagua zana ambayo masharti yake yanaruhusu.

Kuzifikisha zana kwenye mashine

Emsisoft Emergency Kit ni mamia ya MB, ile ya Kaspersky inazidi MB 100, AdwCleaner ni MB chache. Na hazikai zikafaa. Safety Scanner inakufa siku 10 baada ya kushushwa, makusudi, ili usitumie alama za zamani. Ya Kaspersky haijisasishi, kila ukaguzi mpya unadai ushushe upya. Emsisoft angalau inajisasisha, na inashusha vilivyobadilika tu, kwa hiyo kwa mtu wa kukagua mashine nyingi ndiyo yenye unafuu wa bando kwa muda mrefu. Shusha usiku kama una bando la usiku, sasisha mara moja, kisha nakili folda nzima ya EEK (ndiyo hiyo Emsisoft Emergency Kit) kwenda kwenye mashine nyingine.

Hapa panakuja kosa ambalo linazungusha virusi mjini kuliko kosa jingine lolote: kubeba dawa kwa flashi. Flashi ya dawa ikichomekwa kwenye mashine mgonjwa inaweza kuambukizwa sekunde ile ile, na mashine inayofuata inaletewa ugonjwa na tabibu. Flashi zenye kiswichi cha kuzuia kuandikwa ni adimu. Kile kiswichi kidogo cha ubavuni mwa kadi ya SD nacho si kinga kamili, maana kinategemea kisomeo cha kadi kukitii. Na ile mbinu ya kutengeneza folda inayoitwa autorun.inf ndani ya flashi imepitwa na wakati. Tangu Windows 7, flashi haiendeshi programu yenyewe kupitia faili hilo, na virusi vya leo vinangoja wewe mwenyewe ubofye.

Tumia simu. Shusha zana kwa simu yako ya Android, kwa sababu faili la .exe, yaani programu ya Windows, haliwezi kuendeshwa humo na halitaidhuru. Kisha unganisha simu kwa waya na uchague kuhamisha mafaili. Windows haiipi simu hiyo herufi ya draivu kama E au F, na virusi vya kawaida vya flashi hutafuta herufi hizo ili vijinakili. Nakili zana kutoka kwenye simu kwenda draivu C, chomoa simu, ndipo uendeshe. Ila ukiitoa kadi ya memori kwenye simu na kuichomeka kwa kisomeo, hiyo sasa ni flashi kama flashi nyingine.

Kabla ya kuendesha zana yoyote uliyopewa na mtu, bofya kulia juu yake, chagua "Properties", fungua kichupo cha "Digital Signatures" na uangalie jina la aliyeisaini, kisha "Details" uone kama saini ni sahihi. Zana ya Microsoft isiyo na saini ya Microsoft si ya Microsoft. Na kama saini ipo lakini Windows inasema si halali, faili limebadilishwa baada ya kutengenezwa, jambo ambalo hutokea kirusi kinapojipachika ndani yake.

Angalia msamaha kabla ya kuanza

Antivirusi kuu ikikaa kimya na ya pili ikafichua vitu ishirini, watu husema ya kwanza ni mbovu. Mara nyingi si mbovu, imeambiwa ifumbe macho. Kila antivirusi ina orodha ya mafaili na folda ambazo imeamriwa isiziguse, na programu nyingi za kuamilisha Windows na Office bila leseni hujiandika humo zenyewe. Nyingine huandika draivu C nzima.

Kwa Defender ingia "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka hadi "Exclusions". Au fungua PowerShell kama msimamizi na uandike:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath, ExclusionProcess, ExclusionExtension

Ukikuta C:\ au folda ya AppData au kiendelezi cha exe humo, umepata mlango ulioachwa wazi. Ufute, kisha kagua kwanza kwa Defender yenyewe. Inawezekana ya pili isihitajike kabisa.

Nalisema hili bila kuzungukazunguka, kwa kuwa kompyuta nyingi zinazouzwa mkononi zimewekewa Office kwa njia hiyo: kirusi kingi cha kuiba nywila kinasafiri ndani ya viamilisho hivyo, na maelekezo yao hukutaka uzime antivirusi kwanza. Ukizima kwa kuombwa, umemfungulia mgeni usiyemjua na kumwambia mlinzi ageuke ukutani.

Ukaguzi wenyewe

Nakili kwanza nyaraka zako muhimu: docx, xlsx, pdf, picha. Usinakili .exe hata moja wala shotikati (vile vyenye kamshale pembeni). Sasisha antivirusi kuu. Sasisha na ile ya kuitwa, kisha chomoa intaneti. Safisha mafaili ya muda kwa "Disk Cleanup", maana maelfu ya mafaili madogo madogo ndiyo yanayokula saa za ukaguzi.

Zuia kompyuta isilale katikati ya kazi:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Ukimaliza rudia amri hiyo na uweke 30 mahali pa 0. Laptopu iwe kwenye chaji na betri ijae. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usikague diski yote kwa mkupuo. Anza na memori na programu zinazoanza na Windows, kisha draivu C, kisha D siku nyingine au baadaye. Zana nyingi haziendelei zilipoishia umeme ukikatika, zinaanza moja. Na hatari ya kukatikiwa umeme iko zaidi kwenye dakika za kusafisha kuliko za kukagua, kwa hiyo ukiona umeme unachezacheza, acha ukaguzi uendelee lakini usibonyeze kusafisha.

Zana ya Kaspersky, kwa chaguo lake la mwanzo, hukagua memori, sehemu ya kuwashia diski na vitu vinavyoanza na Windows. Haipiti draivu nzima. Wengi huona imemaliza upesi wakashangilia. Fungua kitufe cha kubadilisha vigezo, tia tiki kwenye draivu ya mfumo, ndipo uanze. Kwenye ESET, itakuuliza kama itafute pia programu zisizotakiwa: kubali. Mwishoni ikikupa kukagua kila mwezi, kataa. Ya kuitwa ibaki ya kuitwa.

Diski ya kuzunguka ya GB 500 yenye nusu ya mzigo inaweza kula saa mbili hadi tano. Usiendeshe zana mbili kwa wakati mmoja kwa kudhani utaokoa muda. Kichwa cha diski kitakuwa kinarukaruka kati ya kazi mbili na zote zitachelewa kuliko ungezipanga moja baada ya nyingine. Kwenye SSD ni afadhali, lakini hata huko sioni sababu.

Wakati ya pili inakagua, ya kwanza inaweza kupiga kelele ghafla. Usishtuke. Ya pili ikifungua faili ili ilisome, ya kwanza iliyo mlangoni inaliona likifunguliwa, na inaweza kulikamata kabla mwenzake hajamaliza. Matokeo yake ya pili itaandika kwamba imenyimwa ruhusa. Hilo si baya, kirusi kimekamatwa. Ikiwa inatokea mara nyingi hadi ukaguzi unakwama, zima ulinzi wa ile kuu kwa muda, intaneti ikiwa imechomolewa, na uuwashe kabla ya kurudisha intaneti. Usiweke folda ya zana ya pili kwenye msamaha wa kudumu wa ile kuu ukaisahau huko.

Safety Scanner ina jambo lake: ikiwa katikati ya kazi huonyesha idadi ya mafaili yaliyoambukizwa, kisha ikimaliza inasema haikupata kitu. Namba ile ni ya mashaka ya awali ambayo bado inayachunguza. Hukumu ni ile ya mwisho, nayo imeandikwa kwenye C:\Windows\debug\msert.log.

Kama kirusi kinarudi kila ukiwasha kompyuta, kinajilinda kikiwa kimewaka. Sasisha Defender, hifadhi kazi zako, ingia "Scan options" na uchague ukaguzi wa nje ya Windows. Kompyuta itajizima na kuwaka kwenye mazingira madogo ambamo kirusi hakijaamka, na kazi huchukua kama dakika 15, zaidi kidogo kwenye diski chakavu. Lazima usasishe kabla, kwa sababu inatumia alama zilizomo kwenye mashine wakati huo.

Kusoma majibu

Chagua karantini, usichague kufuta. Kilicho karantini kinarudishwa ukigundua ulikosea, kilichofutwa umekiaga.

Soma njia ya faili kabla ya jina la kirusi. Kilicho ndani ya AppData\Roaming au Temp chenye jina la herufi zisizo na maana, kinachoanza na Windows, hicho kamata. Kilicho ndani ya "System Volume Information" kwa kawaida ni nakala ya zamani ya kurejeshea Windows. Hakifanyi kazi sasa, ila ukirejesha kompyuta nyuma kitafufuka, kwa hiyo futa nakala hizo baada ya kusafisha. Kilicho ndani ya karantini ya antivirusi kuu kimeshafungwa, kiache. Kilicho ndani ya System32, simama hapo, usibonyeze kitu mpaka uhakikishe.

Majina nayo yana maana. Yenye Gen, Heur au yanayoishia na !ml ni makisio yaliyotokana na tabia ya faili au ya mashine iliyofunzwa, hivyo yanakosea mara nyingi kuliko majina kamili. HackTool:Win32/AutoKMS ni kile kiamilisho tulichokizungumzia. PUP na PUA ni programu zisizotakiwa: si lazima ziwe virusi, ila sijaona iliyostahili kubaki.

Ukiwa na mashaka, tumia VirusTotal, huduma iliyo chini ya Google tangu 2012, inayopitisha faili kwenye injini kama 70. Injini moja au mbili zikilalamika kwa majina ya makisio na zile kubwa zimenyamaza, huenda ni kosa. Zikilalamika arobaini, hakuna mjadala. Lakini usipakie humo orodha ya wakulima, mishahara wala vyeti vya wagonjwa. Kinachopakiwa hushirikiwa na makampuni ya usalama, na huwezi kukirudisha mfukoni. Kwa programu, huhitaji hata kulipakia faili. Toa alama yake ya vidole, yaani namba ndefu inayolitambulisha faili hilo tu, na uitafute hiyo VirusTotal:

certutil -hashfile jina.exe SHA256

Inatumia KB chache badala ya MB mia, na siri inabaki kwako.

Flashi yenye vishale

Sasa turudi kwenye flashi ya Nanyamba. Mafaili hayajapotea. Kirusi kimeyaficha kwa kuyapa sifa za mafaili ya mfumo, kisha kikaweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya shotikati, inaendesha kwanza hati ya .vbs au .js iliyofichwa, ndipo inakufungulia folda ili usishtuke.

Safisha kompyuta kwanza, flashi baadaye. Ukianza na flashi, kirusi kilichomo kwenye memori kitaiandika upya kabla hujaichomoa. Kompyuta ikishatoka safi kwa ya kwanza na ya pili, na umeiwasha upya, chomeka flashi na uikague kwa makusudi. Ukaguzi kamili wa Defender kwa kawaida hauingii kwenye flashi hadi uombe, na wengi hawalijui hilo. Bofya kulia juu ya flashi na uchague kuikagua, au fungua Command Prompt kama msimamizi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

"%ProgramFiles%\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Scan -ScanType 3 -File E:\

Kisha fichua mafaili na ufute shotikati:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk

Ukiona folda isiyo na jina, nafasi tupu tu, usidhani ni kosa la skrini. Baadhi ya virusi hivi huhamishia kila kitu ndani ya folda yenye jina lisiloonekana. Ifungue, toa nyaraka, futa .vbs, .js na .exe usizozijua, nakili nyaraka kwenye kompyuta iliyosafishwa, kisha fomati flashi. Kufomati ni dakika moja na kunamaliza mabishano.

Kwa steshenari, ningetenga kompyuta moja ya kupokea flashi, isiyo na kumbukumbu za watu wala akaunti zilizofunguliwa, na kuikagua kwa zana ya pili kila mwisho wa wiki. Mteja anayeweza kutuma kwa barua pepe au WhatsApp, atume. Docx inayokuja hivyo haibebi shotikati za flashi. AMCOS zikague kabla ya Oktoba, msimu haujafunguka, kwa sababu minada ikianza hakuna karani atakayekubali kompyuta ikae bila kazi kwa muda wa saa nne. Kwa kompyuta ya nyumbani, mara moja kwa mwezi yatosha, na siku yoyote ambayo mtu amechomeka flashi ya mjini.

Zana ya pili isipofaa

Windows 10 iliacha kupokea matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema alama za Defender kwa Windows 10 zitaendelea kutolewa hadi Oktoba 2028, kwa hiyo antivirusi bado inaona, lakini matundu ya mfumo wenyewe hayazibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa Microsoft (ESU). Wakaguzi watatu hawazibi tundu.

Sality na wenzake wa kujishikiza ndani ya programu wakishaenea kwenye mamia ya .exe, kusafisha ni kupoteza siku. Dalili moja ni Safe Mode, ile hali ya kuwasha Windows kwa vitu vya lazima tu, kugoma kufunguka, kwa kuwa Sality hufuta mipangilio ya Safe Mode kwenye rejista ya Windows. Toa nyaraka, fomati, weka Windows upya, na usirudishe programu yoyote kutoka kwenye diski ile ya zamani.

Mafaili yakiwa yamefungwa kwa fumbo na umeachiwa barua ya kudai pesa, zana ya pili itaondoa kirusi lakini haitafungua hata picha moja. Usifomati haraka. Tunza mafaili yaliyofungwa na ile barua, kisha angalia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 kwa ushirikiano wa Europol na polisi wa Uholanzi, unaotoa funguo za bure kwa baadhi ya aina.

Na ikiwa kilichopatikana ni mwizi wa nywila, kazi haijaisha ukaguzi ukitoka safi, maana nywila zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye brauza zimeshaondoka siku ile kilipoingia. Zibadilishe ukitumia simu yako, si kompyuta ile. Anza na barua pepe, kwa sababu nywila za akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia humo, na ukishaibadilisha, bonyeza kitufe cha kuziondoa mashine nyingine zote zilizoingia.